Aliyeshika Kamba

Mrefu alikuwa na ugonjwa wa ajabu: hawezi kujibu salamu. Ukimkuta njiani ukamwuliza mambo vipi, atakutazama kama umemwomba figo, kisha atatikisa kichwa apite. Watu wakasema anaringa. Wengine wakasema muacheni, shemeji yake kamfia mikononi, mnataka acheke na nani? Ukweli ni kwamba lile jibu lenyewe lilikuwa limemkwama kooni. Neno dogo tu, safi, ambalo wewe na mimi tunalitoa mdomoni kutwa nzima bila kufikiri. Yeye alikuwa amelitumia kuua mtu.

Ngoja nieleze taratibu, maana kazi ya visima wengi hawaijui. Wanaona maji, wanakunywa, basi. Kisima huchimbwa na watu wawili, mmoja chini na mmoja juu aliyeshika kamba. Na kisima cha kuogopwa si kipya, ni kile cha zamani kilichofunikwa miaka, halafu mtu anataka kizidishwe kina. Mle chini hewa imelala. Haina harufu, haina rangi, na mtu akiivuta kidogo tu magoti yanamwisha nguvu. Kwa hiyo kabla mtu hajashuka, kandili linawashwa na kuteremshwa kwa kamba. Likiwaka mpaka chini, kazi inaanza. Likizimika, hashuki mtu, mnamwaga maji, mnapiga hewa kwa matawi, mnarudi kesho.

Sasa sikia desturi yao. Anayeshuka haangalii kandili. Anageuza mgongo, anajifunga kamba kiunoni, anauliza, "Vipi?" Wa juu ndiye anayetazama na ndiye anayejibu. Wakongwe wa kazi walisema watu wawili wakitazama taa moja watabishana, na mwenye kubishana hashuki kwa moyo mmoja. Mimi naona huo ni upuuzi mtupu, lakini ndivyo walivyofundishwa Mrefu na mwenzake, na ndivyo walivyofanya tangu ujana wao.

Mwenzake huyo tulimwita Kicheko. Kumwita hivyo hakukuhitaji kufikiri, kwa sababu ungemsikia kabla hujamwona. Alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye mzaha na kila mtu, hata na wenye nyumba waliokuja kumgombeza kwa kuchelewa. Mrefu ndiye aliyemleta nyumbani kwao, na Mrefu ndiye aliyemwambia dada yake mdogo, huyu mtu hana makuu, olewa naye utacheka maisha yako yote. Wakaoana. Mrefu akapata shemeji ambaye tayari alikuwa rafiki, na kwa muda mambo yakawa mazuri kweli.

Kisha dada mtu akashikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya siku zake. Kicheko akatoka mbio kumwita mkunga. Njiani akapita kilabuni, akasema anakunywa moja ya kutuliza mikono, maana mikono ilikuwa inamtetemeka. Ile moja ikaita nyingine. Mkunga alipofika hatimaye, alikuta mama na mtoto wote wamekwisha kwenda, na jirani mmoja kizee ameketi sakafuni akilia kwa sauti ya chini.

Mrefu alikuwa na dada huyo tu. Wazazi wao walifariki mapema, na yeye ndiye aliyemlea, aliyemfunga kamba za viatu, aliyemfundisha kuhesabu kwa mawe. Mazishini Kicheko alilia mpaka akashikiliwa na watu wawili, na Mrefu alisimama upande wa pili akimtazama mdomo. Hakusema kitu. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kama unaniuliza. Angemrukia pale pale mbele ya watu, akamtandika, wangetenganishwa, wangenuniana, na siku moja wangesemezana. Lakini yeye aliumeza uchungu wake. Wiki chache baadaye walikuwa kazini pamoja tena, kamba ile ile, ndoo ile ile.

Na Kicheko naye, Mungu amrehemu, hakujua la kufanya na hatia yake isipokuwa kuifunika kwa mizaha. Hakuwahi kumtaja mkewe. Alikonda, akaanza kunywa asubuhi, lakini alicheka. Kila alipocheka, Mrefu aliacha kazi akamtazama mdomo. Alijiambia, huyu ameshasahau. Huyu yuko hai na anacheka.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, jua kali, kelele za msumeno. Mwenye karakana ya mbao alikuwa amegundua kisima cha zamani nyuma ya banda lake, kimefunikwa kwa mabanzi, akataka kifufuliwe. Mafundi seremala walikuwa mbele wakipiga randa. Huku nyuma walikuwa wawili tu, Mrefu na shemeji yake. Kicheko akageuza mgongo, akaanza kujifunga kamba huku akipiga mluzi. Mrefu akateremsha kandili.

Lilishuka likiwaka vizuri. Lilipokaribia chini mwali ukafifia, ukanywea, ukazimika bila hata moshi. Mrefu akalivuta juu polepole, akaliweka nyuma ya kifusi.

"Vipi?" Kicheko akauliza.

"Safi," akasema Mrefu.

Nataka uelewe kwamba hakuwa amepanga. Hakuamka asubuhi ile akasema leo naua. Lakini pia sitaki kumtetea, kwa sababu alikuwa na nafasi ya kurudi nyuma, na nafasi yenyewe ilimjia ikiwa na sauti. Kicheko alipofika katikati, akining'inia gizani, mluzi ukakoma, akaita kutoka chini.

"Shemeji, nikifika chini nina neno na wewe. Juu ya dada yako."

Kamba ilikuwa mikononi mwa Mrefu. Kumvuta ilikuwa kazi ya kupumua tu, mtu mwenyewe alikuwa mwepesi. Alisimama pale, viganja vinamuwaka, kichwani hana wazo hata moja. Mikono ikaendelea kuachia kamba kama ilivyozoea. Alisema baadaye kwamba hakuiamuru. Sawa, lakini hakuikataza.

Kamba ikalegea, ishara kwamba Kicheko amekanyaga chini na ameifungua kiunoni ili apate nafasi ya kufanya kazi. Sululu ikagonga mara moja. Halafu kimya. Halafu kitu kikaanguka, na kilikuwa kizito kuliko sululu.

Hapo Mrefu akapiga yowe, na lile yowe lilikuwa la kweli, nisikudanganye. Mafundi wakaja mbio. Seremala mmoja, kijana wa watu mwenye watoto wachanga, hakuuliza hata swali. Akavua viatu, akaikamata kamba, mguu mmoja tayari uko ndani. Mrefu akamkamata mkanda wa suruali akamvuta mpaka wakaanguka wote wawili juu ya kifusi.

"Usishuke," akamwambia. "Hewa ya huko mbaya. Utakufa."

Wakamwaga maji ndoo kwa ndoo. Wakakata matawi, wakayafunga kwenye kamba, wakapiga ile hewa juu chini, juu chini, mpaka kandili lilipokubali kuwaka kule chini. Kisha Mrefu mwenyewe akashuka, akamfunga shemeji yake chini ya makwapa, akampandisha. Kicheko alitoka kisimani mdomo wazi, meno nje, kama kawaida yake. Mmoja wa mafundi alidhani anacheka, akaita jina lake kwa furaha.

Hakuna aliyemshuku Mrefu. Nani angemshuku? Kazi ya visima inaua, kila mtu anajua. Baba yake Kicheko naye alikufia kisimani, zamani, akimfuata mwenzake aliyeanguka. Watu wakasema ni nyota ya ukoo. Na yule seremala akawa anazunguka msibani akimweleza kila anayeingia jinsi Mrefu alivyomwokoa, alivyomshika mkanda, alivyomwambia hewa mbaya utakufa. Machozi yanamtoka anaposema. Alimweleza mpaka mama mzazi wa marehemu, aliyekuwa ameketi mkekani bila kulia. Mama akamwomba arudie. Akarudia. Mama akauliza tena, taratibu, alikwambiaje hasa? Seremala akasema tena neno kwa neno, akafurahi kwamba mama anathamini.

Baada ya mazishi mama akamwita Mrefu chemba. Akamwambia hana mtoto mwingine, nyumba ni kubwa, na yeye Mrefu hana baba wala mama wala dada. Ahamie. Awe mwanawe.

Sasa niambie, angekataa vipi? Angetoa sababu gani mbele ya wale wanawake wote waliokuwa wanafuta machozi wakisema mama huyu ana moyo wa dhahabu? Akafunga vitu vyake, akahamia.

Nyumba ile ilikuwa ya zamani, kuta nene, ushoroba mrefu usio na dirisha ambao hata saa sita mchana ulitaka upapase ukuta. Vyumba vingi vilikuwa vimefungwa. Uani palikuwa na kisima alichochimba marehemu mume wake mama, kina kirefu, kimejengewa mawe hadi kifuani. Mrefu akapewa chumba cha Kicheko, alichokuwa amerudia baada ya kufiwa na mke. Kitanda cha Kicheko. Kwenye mto bado palikuwa na harufu ya mafuta ya nywele zake, na mama hakuufua ule mto.

Kisha zikaja nguo. Mama alisema ni dhambi nguo nzima kukaa bure. Suruali za Kicheko zilimfika Mrefu katikati ya muundi, basi mama akaketi na sindano yake barazani, akaongeza kipande cha kitambaa chini kwa kila suruali, kwa kila mkono wa shati, akilinganisha rangi kwa makini. Macho yake hayakuwa mazuri tena na alijidunga mara nyingi. Mrefu alivaa. Akijitazama kwenye kioo cha chumbani aliona shemeji yake amevutwa, amerefushwa kama mtu aliyening'inizwa.

Mezani alikaa kiti cha Kicheko, na mama akampakulia kwanza yeye. Mapishi yake yalikuwa mazuri, hilo lazima niliseme. Alimpa minofu, yeye akala shingo. Na kila walipokula aliomba jambo lile lile, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi: amsimulie tena asubuhi ile. Mrefu akasimulia. Jua, msumeno, mluzi.

"Na taa uliitazama wewe, mwanangu?"

"Niliitazama mimi, mama."

"Nashukuru. Angalau alikuwa na mtu wake."

Chakula kikageuka udongo mdomoni. Alikonda akiwa analishwa kama bwana harusi. Alijaribu kusema, si mara moja. Alifungua mdomo, akasema mama, kuna kitu, na mama akanyanyua kijiko akasema kula kwanza, baba, kitapoa. Siku nyingine alisema kazini, akiwa peke yake, aliiambia ndoo. Ndoo haikumjibu.

Kisima cha uani ndicho kilichommaliza. Asubuhi alikwenda kuteka maji ya mama, akateremsha ndoo, na kabla haijagusa maji akasikia swali. Vipi? Sauti haikuwa na hasira, hilo ndilo lililomtisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyegeuza mgongo anayefunga fundo, mwenye haraka ya kuanza kazi, anayekuamini. Akaiacha kamba, ndoo ikazama. Tangu hapo akawa anabeba madumu mpaka bombani mwisho wa mtaa, apange foleni na wanawake. Mama akamwuliza kwani maji ya kisima cha baba yenu yamekukosea nini. Alisema "baba yenu", na Mrefu akanyanyua madumu yake akatoka haraka.

Jambo lililomtafuna kuliko yote halikuwa hata kile kifo. Lilikuwa lile neno ambalo Kicheko alitaka kumwambia. Aliligeuza kila upande. Labda alitaka kuomba radhi. Labda alitaka kusema dada yake alisema nini mwisho, alimwachia ujumbe gani. Labda alitaka kujitetea, na hapo Mrefu angalau angepata kuendelea kumchukia. Alikuwa ameua mtu katikati ya sentensi, na sasa ile sentensi ilikuwa inaishi naye chumba kimoja.

Akaamua atajipeleka. Aliona akifungwa, au hata akinyongwa, atakuwa amemaliza. Alifikiria selo kama wewe unavyofikiria kitanda baada ya safari. Asubuhi moja akavaa nguo zake mwenyewe, zile za zamani, akaenda kituo cha polisi, akasimama mbele ya kaunta. Sajini alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, anamenya chungwa.

"Nimeua mtu," Mrefu akasema.

Sajini akaliweka chungwa chini. Akamsikiliza mpaka mwisho, kandili, kifusi, neno lenyewe, kila kitu. Lakini alikuwa anamfahamu. Mtaa mzima ulimfahamu, ni yule aliyemwokoa seremala. Akamwonea huruma, akampa kiti, akamtuma askari mmoja akamwite mama yake. Mrefu akasema hana mama. Sajini akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata uhakika wa alichokuwa anakishuku.

Mama akaja akiongozwa na yule seremala. Amejitanda vizuri, mkononi ana bakuli la chakula lililofungwa kitambaa. Sajini akamweleza kwa sauti ya chini, kwa aibu, kwamba kijana anadai hivi na hivi. Mrefu akamtazama mama usoni, akasubiri. Hii ndiyo saa aliyoitaka. Sasa angelia, angemlaani, angemrukia na kucha.

Mama akamwekea mkono kichwani. Akamwambia sajini kwamba mwanawe halali tangu msiba ule. Haongei, hali, anakiogopa kisima kana kwamba kinamsemesha, anakwenda kupanga foleni bombani ilhali maji yapo uani. Anajilaumu. Wanaobaki hujilaumu, afande, hata yeye alipofiwa na mume alijilaumu kwa nini hakumchelewesha kwa chai. Seremala akadakia, akasema kama kuna mtu anamdai huyu bwana uhai basi si yeye seremala, kwani yuko hai na watoto wake wana baba. Askari wote wakainamisha vichwa. Sajini akamshika Mrefu bega, akamwambia nenda nyumbani, bwana, una bahati ya mama.

"Nilisema safi na taa imezimika," Mrefu akasema. Alikuwa analia. "Mama, waambie. Niliiona imezimika."

"Ndiyo, baba," mama akasema. "Twende."

Wakatoka. Seremala akawaaga mlangoni akarudi kazini kwake. Mama akamwomba Mrefu mkono, maana macho hayaoni vizuri na magari yanapita ovyo. Akampa. Wakavuka barabara, wakapita mbele ya maduka, na walipofika pale ambapo ukuta mrefu wa kiwanda unaanza na hakuna mtu, mama akaanza kusema bila kumtazama, kwa sauti ile ile ya mezani.

"Mume wangu mwenzake alipoanguka, hakusimama. Alishuka, kwa sababu taa aliitazama mwenyewe na ilikuwa imewaka. Alidhani mwenzake kateleza, kumbe hewa mbaya ilitoka ardhini baadaye. Aliyeona taa imewaka hushuka, mwanangu. Wewe ulimshika seremala mkanda ukamwambia hewa mbaya. Mwanangu alikuwa hajatolewa, hajaguswa na mtu, na wewe umeshajua kilichomwua."

Mrefu akasimama. Mama akamvuta kidogo, wakaendelea kutembea.

"Ulijua tangu siku ya msiba?" akauliza.

"Tangu mkekani."

"Mbona hukusema?"

"Wangekufunga," mama akasema. "Ungekaa, ungekula ugali wa serikali, ungelala, baada ya miaka ungesema umelipa. Mimi nani angenilipa?"

Walitembea. Upande wa pili wa ukuta mashine zilikuwa zinanguruma. Mrefu akapata sauti kidogo, akauliza kile alichoshindwa kuuliza kwa kisima na kwa mto na kwa kioo: Kicheko alitaka kumwambia nini.

Mama akajibu akitazama mbele.

"Asubuhi ile nilimwambia, usirudi nyumbani kwangu kabla hujapiga magoti mbele ya shemeji yako. Akalia. Akasema anaogopa uso wako. Akasema atasema akiwa kisimani, gizani, ambako humwoni." Akameza mate. "Mimi ndiye niliyemtuma. Kwa hiyo na mimi kosa hilo halinitoki."

Mrefu akataka kupiga magoti yeye, pale pale kwenye vumbi. Mama hakumwachia. Mkono wake ulikuwa mwembamba lakini ulimkaza kwenye kiwiko kama kamba mbichi, na akamwegemea kwa uzito wake wote, mpaka asipige hatua asiyoitaka yeye.

"Niue basi, mama," akamwambia.

"Nizikwe na nani?" mama akauliza. "Nilikuwa na mmoja. Utateka maji, na utayateka uani. Utavaa nilichokushonea. Utaniita mama, mpaka siku utakayonifukia, na kila ukiniita utajua umechukua nafasi ya nani. Hilo tu. Sitakuinulia mkono, wala sitakunyima chakula."

Walipofika penye watu, mwanamke mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya duka akasimama na ufagio wake kuwatazama, mzee wa watu na kijana mrefu anayemkokota taratibu, machozi yanamtoka. Akasema kwa kweli mama huyu kabarikiwa, siku hizi vijana wa namna hii hawapo. Mama akamshukuru. Akamgeukia Mrefu, akamwambia amjibu dada, si adabu kunyamaza.

"Asante, dada," Mrefu akasema. "Ni mama yangu."